Umbali wa Mazungumzo

Kwa zaidi ya nusu karne, watu mashuhuri waliokubali kupigwa picha kwa ajili ya gazeti la The Observer la London walijikuta mbele ya mwanamke mpole aliyefika bila msaidizi na bila taa za studio, kamera yake ikiwa ndani ya mfuko ambao ungedhani una vitunguu na mkate. Aliitwa Jane Bown. Alianza kulipigia picha gazeti hilo mwaka 1949, akafariki mwaka 2014, na katikati ya miaka hiyo mbele ya lenzi yake walipita mwandishi Samuel Beckett, vijana wa Beatles na Malkia Elizabeth mwenyewe. Kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo alitumia kamera ya Olympus OM-1 na lenzi ya milimita 85. Mwanga aliupima kwa kutazama mgongo wa mkono wake. Tundu la lenzi aliliweka kwenye 2.8, shata kwenye moja ya sitini ya sekunde, kisha akamsogeza mtu wake karibu na dirisha mpaka mwanga ukubaliane na namba hizo. Mpangilio wa kamera ulikaa palepale, aliyehama ni mtu. Ndugu msikilizaji, nimeanza na bibi huyu kwa sababu swali linaloulizwa kila siku na vijana wanaotaka kuingia kazi ya picha, yaani ninunue kamera gani na lenzi gani ya kupigia sura za watu, huwa limeanzia mkiani. Wengi huchagua kamera kwanza, kisha lenzi inayolingana na pesa iliyobaki, kisha wanafika mbele ya mtu ndipo wanatafuta pa kusimama. Hoja yangu leo ni kwamba mpangilio huo ugeuzwe: tuanze na pa kusimama.

Uso wa mtu si karatasi. Una kina. Tuseme ncha ya pua imetangulia masikio kwa sentimita 12, kipimo kisicho mbali na cha kichwa cha mtu mzima. Ukisimama sentimita 30 kutoka kwenye pua, masikio yako sentimita 42, maana yake pua itachorwa kubwa kwa asilimia 40 kuliko inavyostahili ukiilinganisha na masikio. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu: sasa pua iko sentimita 150 na masikio sentimita 162, na ile tofauti imeshuka hadi asilimia 8. Ni hesabu ya darasani, wala haihitaji maabara. Hata hivyo wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 madaktari wa upasuaji wa uso nchini Marekani walichapisha hesabu yao katika jarida la kitabibu, baada ya kuona wagonjwa wakija na selfi zao kudai pua zipunguzwe. Walikuta kwamba picha iliyopigwa umbali wa sentimita 30 hivi huufanya upana wa pua ya mwanamume uonekane umezidi kwa asilimia 30 ukilinganishwa na picha ya mita moja na nusu. Yaani watu walikuwa tayari kulala chini ya kisu kwa kosa la mkono mfupi. Na hapa tuiondolee lenzi lawama isiyo yake. Husemwa kwamba lenzi pana huharibu uso. Haiharibu. Lenzi pana humwita mpigapicha asogee, kwa sababu asiposogea mtu ataonekana mdogo kwenye fremu, na kule kusogea ndiko kunakovimbisha pua. Mkisimama mahali pamoja, wewe na lenzi pana, mwenzako na lenzi ndefu, kisha ukaikata picha yako hadi ilingane na ya mwenzako, umbo la uso litakuwa lilelile.

Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye lenzi tuisome kama kipimo cha mahali pa kusimama. Chukua picha ya kawaida ya sura, kuanzia juu ya kichwa hadi kifuani, kiasi cha sentimita 60 kwenda chini. Kwa kamera yenye kihisi kikubwa, kile cha milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 35 itakupeleka sentimita 60 na ushei kutoka kwa mtu. Ya 50 itakuweka chini kidogo ya mita moja. Ya 85 itakuweka mita moja na nusu, ya 135 mita mbili na nusu kasoro, na ya 200 mita tatu na nusu. Sasa ziache namba, fikiria jinsi watu wanavyoongea. Sentimita 60 ni umbali wa kunong'onezana. Anayesogelewa hivyo na mtu asiyemjua hukaza shingo, na shingo iliyokazwa haifichiki kwa kifaa chochote. Mita tatu na nusu ni umbali wa kuitana. Ukitaka ashushe kidevu utapaza sauti, na kila aliye jirani atasikia, naye ataanza kujitazama kwa macho ya jirani. Katikati ya hayo mawili, mita moja hadi mbili, ndipo watu wanapokaa barazani wakiulizana habari, na hata anayepita njia akiitikia salamu anajua kuwa pale hapana siri wala ugomvi. Lenzi nzuri ya sura ni ile inayomweka mpigapicha katika umbali huo wa mazungumzo. Si ajabu kwamba umbali unaoipa pua haki yake ndio uleule unaomtuliza mtu: tumezoea kutazamana kutoka hapo, kwa hiyo uso uliopigwa kutoka hapo ndio tunaouita uso wa fulani.

Nikishasema hivyo, uchaguzi unakuwa mwepesi kuliko matangazo yanavyotaka tuamini. Kamera nyingi za bei ya chini na ya kati zina kihisi kidogo zaidi (mafundi wetu hukiita sensa, ingawa hakimhesabu mtu) ambacho hukata pembeni na kuifanya lenzi ionekane ndefu mara moja na nusu hivi. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera hizo hukuweka mita 1.3 kutoka kwa mtu, yaani palepale barazani. Nayo lenzi ya 50 yenye tundu la 1.8 ndiyo karibu rahisi kuliko zote ambazo kampuni kubwa hutengeneza. Canon wamekuwa wakiuza ya plastiki ya aina hiyo tangu mwaka 1990. Ukipiga hesabu ya kina cha fokasi utakuta jambo la kufurahisha. Lenzi hiyo ya bei nafuu, ikifunguliwa tundu lake lote kwenye kamera ya kihisi kidogo, hutoa unene wa fokasi wa karibu sentimita 5. Na lenzi ya 85 kwenye tundu la 2.8, ile ya Bown, kwa fremu ileile, nayo hutoa karibu sentimita 5. Umbali wao unatofautiana kwa hatua isiyotimia. Kwa macho ya mteja, chombo alichotumia Bown na chombo ambacho kijana wa mtaani anaweza kukimudu kwa kuweka akiba vinafanana kuliko majina yao yanavyofanana.

Mtu atanipinga hapo hapo: mbona mabingwa wananunua lenzi za tundu pana zaidi, la 1.4 na 1.2, tena kwa bei ya pikipiki? Swali la haki. Kihistoria tundu pana lilitafutwa kwa sababu ya muda. Picha za mwanzo kabisa zilimtaka mtu akae bila kutikisika kwa dakika nyingi, mpaka mwaka 1840 Joseph Petzval, mwalimu wa hisabati huko Vienna, alipokokotoa lenzi ya sura yenye tundu la 3.6, akisaidiwa katika hesabu na askari wa mizinga waliozoea kukokotoa njia za makombora. Dakika zikawa sehemu ya dakika, na picha ya sura ikawa biashara. Leo kihisi chenyewe kinaona gizani, kwa hiyo tundu pana linanunuliwa kwa sababu nyingine: kufifisha nyuma, ukuta na nyaya za umeme vigeuke moshi mzuri. Sikatai uzuri wake. Lakini kwa lenzi ya 85 kwenye tundu la 1.4, katika umbali ule wa mita moja na nusu, sehemu iliyo safi ina unene wa sentimita mbili na nusu tu. Mtu akigeuza uso kidogo, jicho moja linabaki na la pili linazama. Hereni zimepotea, ushungi uliofungwa kwa nusu saa umepotea, darizi za kofia zimepotea. Kwa watu wanaovaa kama sisi, ambao vazi lenyewe linasema ni nani na amealikwa wapi, hasara hiyo si ndogo. Na ukuta ukiwa mbaya, dawa ya kwanza ni kumwondoa mtu ukutani, mita tatu mbele yake, au kutundika kitambaa.

Juu ya kitambaa, tumsikilize Seydou Keïta wa Bamako. Alifungua studio yake mwaka 1948, si mbali na stesheni ya reli, akapiga picha wakazi wa mji ule kwa miaka kumi na mitano hivi kabla serikali ya Mali huru haijamchukua kuwa mpigapicha wake. Kamera yake ya studio ilikuwa ya sanduku, yenye bamba la sentimita 13 kwa 18, nzito, ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu. Nyuma ya wateja wake wa mwanzo alitundika shuka la kitanda chake mwenyewe, lenye marembo, na baadaye akawa anakumbuka mwaka wa picha kwa kutazama kitambaa kilichokuwa nyuma. Alitegemea zaidi mwanga wa jua, uani. Na kwa sababu bamba ni ghali, kwa kawaida kila mteja alipata pigo moja. Hebu tafakari mtu mwenye pigo moja anatumia muda wake wapi: anaupanga mkono, anakunjua pindo la vazi, anageuza bega, anatazama kivuli cha pua kinaangukia wapi. Kazi yote imekwisha kabla kamera haijaguswa. Zanzibar nayo ina Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ambamo picha za watu wa Mji Mkongwe zimehifadhika kizazi hadi kizazi. Anayezitazama picha hizo haulizi zilipigwa kwa lenzi ya namba ngapi. Anauliza yule ni mtoto wa nani.

Hata hivyo nisije nikaonekana nasema kamera yoyote ni sawa. Lipo jambo moja ambalo chombo kinaweza kutusaidia au kutuangusha, nalo ni ngozi yetu. Kwa miongo mingi filamu za rangi za Kodak zilirekebishwa maabara kwa kadi za kulinganishia zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe. Rangi ikimkaa yeye vizuri, mashine imepimwa. Mtu mweusi akikaa karibu na mweupe, mmoja wao lazima apotee. Jean-Luc Godard, mwongozaji filamu aliyealikwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak huko akisema ina ubaguzi. Filamu imepita, lakini kipimo cha mwanga ndani ya kamera ya leo bado kinaamini kwamba dunia yote, ukiichanganya, ni ya kijivu. Ujaze fremu kwa uso mweusi, kamera itaongeza mwanga mpaka ngozi ionekane imepakwa majivu. Ujaze fremu kwa kanzu nyeupe au shela la bibi harusi, kamera itapunguza mwanga na uso utazama. Dawa iko mikononi mwa mpigapicha: apime kwenye uso, aongeze au apunguze mwenyewe. Lakini ili kanzu isiungue na uso usizame katika picha moja, kihisi lazima kiweze kubeba nuru na giza kwa pamoja, na kiandike faili ghafi badala ya ile iliyokwisha kubanwa. Hapo, ndiyo, kamera ya kweli inastahili pesa, ila megapikseli hazina habari na jambo hili. Na ngozi nyeusi ina tabia nyingine ambayo mwanga mkali wa flashi hauijui: inang'aa. Uzuri wake unatoka kwenye mng'ao mpana unaoteleza kutoka kwenye paji hadi kwenye shavu. Chanzo kidogo cha mwanga kinaacha doa jeupe kama sarafu. Dirisha, au mlango uliofunguliwa upande wenye kivuli, huchora umbo la fuvu zima taratibu. Pesa ya lenzi ya 1.2 ingenunua kitambaa cheupe cha kurudishia mwanga, stendi mbili na taa yenye mwavuli, na chenji ingebaki.

Nasikia tayari upande wa simu unagonga mlango. Simu, wanasema, imemaliza ubishi: unagusa kioo, nyuma inafifia, na hakuna hesabu. Simu imefanya makubwa, na kwa mwanga wa jioni nyingine zinashangaza. Ila kamera kuu ya simu ni lenzi pana, sawa na milimita 24 hadi 28 za kihisi kikubwa, na kwa ile fremu yetu ya kichwa na kifua inamwita mpigaji hadi chini ya nusu mita. Tumerudi kwenye minong'ono na pua. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana mwaka 2016 Apple walipoleta mtindo wa kupiga sura kwenye iPhone 7 Plus, waliufanya ufanye kazi kwa lenzi ya pili, ndefu zaidi, inayolingana na milimita 56. Mwenye simu yenye lenzi ya pili aitumie hiyo na arudi nyuma. Ule ukungu wa nyuma uliokokotolewa na programu, kwa upande wake, bado hukosea palepale tunapopapenda: nywele zilizosukwa, matundu ya kofia ya viua, uzi wa shanga unaopita hewani.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wapigapicha wa harusi, nao wana haki yao. Katika ukumbi wa watu 400, bibi harusi anaingia, shangazi wanamzunguka, MC anasukuma watu nyuma, na wewe huna ruhusa ya kumwambia mtu asogee dirishani. Pale lenzi ya kuvuta, ya 24 hadi 70 au 70 hadi 200, ndiyo jembe la kazi. Nakubali bila kinyongo. Ninachosema ni kwamba ile ni kazi ya kuwinda tukio, na picha ya sura ni kazi ya kukaa na mtu. Lenzi ya kuvuta inakuruhusu kusimama popote, na uhuru huo ndio unaomchelewesha mwanafunzi kujifunza umbali wake. Mwenye lenzi moja isiyovuta, baada ya miezi michache, anajua kwa miguu yake mwenyewe asimame wapi kabla hajainua kamera, na macho yake yanabaki kwa mtu.

Lingine husemwa kwa sauti ya chini: mteja anaheshimu kamera kubwa. Ukija na kalenzi ka plastiki hakulipi. Hili ni la kweli katika siku ya kwanza. Lakini mteja huyohuyo hutundika picha sebuleni, na pale ukutani kamera haionekani. Afadhali albamu ya picha kumi zilizosafishwa kwenye karatasi nzuri, zenye ukubwa wa kushikwa kwa mikono miwili, uzitangulize mezani kabla ya kutaja bei.

Basi anayekwenda kununua, hasa kitu kilichotumika, na wengi wetu tutanunua kilichotumika, aanze kwa kumulika lenzi kwa tochi kutoka upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Katika miji yetu ya pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Unguja, joto na unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, na mkoba wa ngozi uliofungwa kabatini ndio kitalu chake. Ukiziona, rudisha, hata bei ikiwa ya kutupa. Zikishakula rangi ya kinga iliyopakwa kwenye kioo hakuna kitambaa kitakachozifuta. Lenzi ikiwa safi, ifunge kwenye kamera, mwombe muuzaji asimame karibu na mlango, mwanga ukimjia ubavuni. Rudi hatua mbili. Mwulize biashara inaendaje mwezi huu, na piga akiwa anajibu. Kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera: tazama jicho la karibu, tazama jicho la mbali, tazama sikio, tazama kama shavu lililo kivulini bado lina ngozi au limekuwa shimo jeusi. Mwonyeshe na yeye. Akiomba umtumie, anza kupatana bei.